Munyama Bila Manyoya

Tangu tulimuzika bwana yangu Kasimu, batoto yangu banaongeaka juu yangu mbele yangu, kama mimi ni kabati. Bako kwa salon yangu hapa Butembo, chai mukononi, mimi niko kwa kiti yangu ya pembeni na kitenge kwa magoti, na bananichagulia munyama. Mujukuu yangu Neema njo alianza, ule anaishi Beni na ananiitaka mukaka, nyanya kwa Kinande yetu, anasema na sauti ya puani kama madame ya radio: «Mais papa, mukaka anabaki peke yake kutwa nzima. Inchi zingine bazee banapewaka munyama kidogo ya kukaa nayo. Nimeona kwa telefone.» Baba yake, mutoto yangu mukubwa, akakohoa kwanza. Ule mutu anakohoaka hata akiomba chumvi. «Hum. Donc. Paka?» «Papa! Paka, na ile alerzi yake?» «Hum. Imbwa kidogo.» «Ni manyoya ileile, papa.» «Kuku basi.» «Kuku! Batu bananunuliaka mama yao kuku ya kuongea nayo?» Mimi nikafunga macho nijifanye nimelala, juu nikicheka batajua ninasikia. Mais cheko yenyewe ikaniisha. Juu ile maneno nilishaka kuisikia yote, vilevile, paka, ndege, na mutu aliyekuwa anahangaika nayo tulikuwa tumetoka kumufunika na udongo. Kwa ile salon hakuna hata mumoja aliyejua kama ile kazi ilishafanywa, na ilichukua mwaka muzima, na karibu ivunje ndoa yenye ilibazaa.

Ilikuwa mwaka ya kwanza nilipoolewa. Mimi mutu wa Kipese, wa baridi, wa kulala na blanketi mbili na moshi ya jikoni kwa macho. Nikashuka kwa camion pale Beni, joto ikanipiga kofi. Chumba yetu ilikuwa moja tu, ndani ya kiwanja ya mama mukwe, upande wa barabara ya Mavivi: kitanda, meza, na dirisha moja yenye ilikuwa inaangalia ukuta. Ule ukuta nilimaliza kuujua kama uso ya mutu. Kasimu alikuwa shofere. Anapanda milimani na chumvi, sabuni na mafuta, anarudi na mashu, ni kusema kabichi, na puaro, ile vitunguu ya majani, na viazi ya Alimbongo. Barabara ya ile wakati ilikuwa matope mpaka kwa mulango ya gari. Anaweza kwenda juma, anaweza kwenda mwezi. Anarudi, anakula, analala, gari inapakiwa, ameenda. Na mimi ninabaki. Njo pale nilijifunza kuiga sauti ya batu, hii zawadi yenye batoto bananicheka nayo leo. Nilikuwa ninakaa kwa kitanda, ninafanya mama anayeuza samaki, ninamujibu, ninagombana naye, ninamushinda. Ninafanya imamu, ninafanya mulevi, ninafanya Kasimu akisema «niko karibu kufika». Chumba inajaa batu. Halafu ninanyamaza kidogo nipumuzike, na banatoka wote mara moja, hata kwaheri hakuna.

Kula, tulikuwa tunakula kwa nyumba kubwa, banamuke wote kwa sinia moja, wali na maharagi, mukono yako pembeni ya mukono ya mwenzako. Ilikuwa saa yangu nzuri ya siku. Mais mama mukwe alikuwa na paka, nyeupe, munene, anaitwa Malikia, na Malikia alikuwa anakuja kulala pembeni ya sinia kama mugeni wa heshima. Mara ya kwanza macho ikaniwasha. Mara ya pili pua ikaanza kutoka maji. Mara ya tatu nikapiga chafya, we! Wali ikaruka. Banamuke bakatoa mikono yote pamoja. Mama mukwe alikuwa anapenda kusema Kiswahili ya kunyoosha, juu babu yake alifikaka na biashara ya mbali, toka pwani, na hakutaka mutu asahau. Akaweka mukono kwa kifua: «Mukamwana, paka ni mnyama safi. Hulala hata juu ya msala. Mbona wewe ndiye pekee unayemchukia?» Nikasema hapana kumuchukia, mama. Kesho yake tena chafya. Basi akanifanyia vizuri, kwa roho nzuri kabisa, na ile uzuri yake njo ilinimaliza: akanitengea sahani yangu. Nilikuwa ninaletewa chakula kwa chumba, imefunikwa na kitambaa safi, nyama kubwa juu. Ninakula ninaangalia ukuta. Ninasikia banamuke banacheka kule, na sijue nini imebachekesha. Mutu hajakulaka peke yake hajue namna wali inapigaka kelele kwa mudomo.

Kasimu aliporudi, akanikuta na ile sahani. Hakuuliza kitu. Ni mutu alikuwa na maneno kidogo, na ile kidogo anaitoa kama mutu anatoa mwiba. Akasema: «Chumba iko kimya sana.» Akapanda, na safari ya kurudi akapitia kwa mama yangu Kipese. Kwetu bibi arusi anaanzaka jikoni yake na kobayi, bale banyama kidogo kama panya bila mukia banaokaa chini ya kitanda na kulia kwi-kwi, juu jikoni isikae bubu. Mama akamupatia mbili, dume na jike, ndani ya kikapo na majani. Nikafurahi kama mutoto! Sauti ya kwetu kabisa. Mais mbele jua ichwe, uso yangu ilikuwa imevimba kama bugali. Njo pale nilielewa kikohozi yote ya utoto yangu. Kule nyumbani balisemaka ni moshi. Kumbe ilikuwa kobayi, na nilikuwa ninalala juu yao! Na mama mukwe akaingia, akachungulia kikapo, akapiga kelele mpaka Malikia akakimbia: «Astaghfirullahi! Umeniletea panya ndani ya nyumba, tena mume na mke!» Tukabapatia jirani yetu, madame Jeanine, bibi ya mwalimu mumoja mutu ya Équateur. Akabapokea na mikono mbili. Kesho yake kwake kulinukia muchuzi nzuri, na mimi sikuuliza.

Ule madame Jeanine njo alileta ile neno. Alikuwa mupweke kama mimi, mbali na kwao, mushahara ya bwana inachelewa, na Swahili yake ilikuwa inatembea na muguu moja, ile ingine ni Lingala. Akanishika kidevu, akageuza uso yangu kwa mwangaza: «Yaya, oyo maladi te, ugonjwa hapana. Oyo allergie. Petit frère na ngai, ndugu yangu kidogo, vilevile! Mwili yako inakataa poils. Nyama ya poils, te, te, te.» Kasimu alikuwa kwa mulango, anasikia. Akarudilia polepole, kama mutu anapewa muzigo ya kuhesabu: «Poils te. Manyoya hapana.» Na safari ya kuja akaniletea kasuku.

Sasa mumucheke, mais mufikirie vile alifikiri: manyoya ya paka hapana, manyoya ya kobayi hapana, basi ndege iko na yake ya namna ingine. Aliitoa upande wa pori, rangi ya majivu, mukia nyekundu, muzuri sana. Akasema: «Huyu anajua kuongea. Utamufundisha.» Nikamufundisha. Kavira, jina yangu, Kavira, Kavira, kila siku. Hakushika hata neno moja. Alishika chafya yangu. Juu vumbi ya mabawa yake ilinitesa kuliko paka, na mimi nikipiga moja, yeye anapiga moja, sauti ileile, mpaka batu barabarani banapita banasema «pole mama», na ni kasuku banamupatia pole. Kasimu akakaa kwa kitanda, akatuangalia sisi wawili, mimi na macho nyekundu, kasuku na mukia nyekundu. Ni mara ya kwanza nilimuona akikosa ya kufanya na mikono yake. Akasema: «Kavira, nitatafuta tena.» Akaenda na kasuku, na kimya ikarudi kukaa kwa nafasi yake.

Juzi Neema aliniletea samaki. Bamemaliza kunichagulia: samaki kidogo ya bwawa, ndani ya bokali ya kioo, haina manyoya, haina vumbi, haina sauti. «Mukaka, utamupatia jina gani?» Nikasema nitafikiri. Iko pale kwa dirisha. Inazunguka, inafungua mudomo, inafunga. Ni samaki ya adabu. Ninamufanyia sauti yote yenye ninajua na hakuna hata moja yenye imemushitua. Neema anapiga telefone toka Beni: «Alors, mukaka, iko bien?» Ninasema iko bien. Nitasema nini? Mutoto alibeba maji kwa magoti toka Beni mpaka Butembo, na ile barabara yenye inatisha batu bakubwa. Mutu akikuletea kitu kutoka kwa ile njia, unasema wasingya, asante ya kwetu, unapokea.

Munyama ya mwisho ya ile mwaka, Kasimu hakuichagua. Camion iliingia kwa kiwanja na mizigo ya puaro, asubuhi, na bachargeurs bakapanda kupakua. Mara nikasikia yowe. Batu bakaanguka toka juu kama viazi. Na Kasimu, bwana yangu, mutu anayevuka daraja ya miti mbili bila kufunga macho, alikuwa amesimama juu ya paa ya cabine, viatu mukononi. «Kinyonga!» Madame Jeanine akachungulia kwa ukuta, akarudi nyuma: «Nzambe na ngai! Oyo ndoki, muchawi!» Nikatoka. Kwa katikati ya fungu ya puaro, ilikuwa inatembea polepole, muguu moja, inafikiri, muguu ingine, inafikiri. Kijani, na pembe tatu kwa uso, kama bale ba kwetu kwa milima. Ilisafiri toka Alimbongo ndani ya mizigo, mutu hajui. Mimi pia nilikuwa ninaogopa. Kwetu mama akiona kinyonga anatema mate, anazunguka na njia ingine. Mais nikainama, juu nilitaka kujua kitu moja tu. Nikaweka uso karibu kabisa, nikavuta pumuzi, nikangoja. Pua ikanyamaza. Nikavuta tena. Kimya. Hakuna manyoya, hakuna vumbi, hakuna kitu. Nikaweka mukono, na ikapanda, na vidole vyake vikanishika kama mutoto anashika. Mutu hakunishikaka tangu Kasimu alipoenda. Nikaingia nayo kwa chumba, na kiwanja yote ikanifungulia njia.

Nikaipandia tawi ya kahawa ndani ya boîte, mukebe ya muchanga, kwa dirisha. Na nikawambia sauti zangu zote zikae kimya, juu sasa kulikuwa mutu. Ilikuwa inaangalia na jicho moja kwangu, jicho ingine kwa mulango, kila moja na kazi yake. Nikaiambia: kumbe sisi ni bamoja, mimi pia ninashonaka hivyo, jicho moja kwa sindano, moja kwa mulango. Saa ya kula ninaketi chini ya dirisha, mimi na sahani yangu, yeye na nzi yake. Ulimi inatoka, pa! Na mimi ninatia kitonge. Tulikuwa tunakula pamoja.

Kasimu aliporudi, akasimama inje. «Kavira. Iko wapi?» «Iko kwa dirisha.» «Inaniangalia?» «Jicho moja tu.» Akarudi nyuma hatua moja. Akasema: «Basi nitalala kwa gari. Batu banaweza kuiba taa.» Taa! Ile camion ilikuwa na taa moja na ilikufaka mbele tuoane. Akalala kwa cabine. Na safari ya kufuata, vilevile. Mais usikie sasa: asubuhi nikasikia kitu inakwaruza chini ya mulango. Boîte ya maziwa, inasukumwa na fimbo mrefu, na kwa mwisho ya fimbo Kasimu, uso imegeuka upande. Ndani ya boîte panzi bazima banaruka. Alikuwa anasimamisha camion njiani, mutu muzima, anakimbiza panzi kwa majani. «Ni yake,» akasema. «Inakulaka hizi?» Hata siku moja hakuniambia niitupe. Alinitafutia kitu yenye ninaweza kupumua nayo, ikapatikana, na ikamutoa yeye kwa chumba. Nikawa na munyama na sina bwana. Ninalala ninasikia akigeuka kule kwa kiti ya gari, muguu yake inagonga mulango, na kati yetu ni ukuta moja na kitu kidogo yenye haina hata sauti.

Miezi ikapita na tumbo yangu sawa, mimba hapana. Mama mukwe akaita banamuke, na mimi nikiwa nyuma ya pazia ninasikia: «Kinyonga kimemfunga tumbo mukamwana wangu. Tangu lini mke mchanga akafuga kinyonga?» Na ule mama anayeuza samaki anaitikia: «Eh mama, ile inafungaka kabisa, mimi nilionaka mumoja.» Nikauma kitambaa nisicheke, na machozi ikatoka pamoja na cheko. Tumbo! Mutu analala kwa camion, tumbo itajazwa na nini, na mazutu ya gari? Mais utaiambia nani? Mukamwana hawezi kumuambia mama mukwe kama mutoto wake anakimbia kitanda juu ya woga ya mujusi. Ningemuaibisha Kasimu kwa mama yake. Basi mama mukwe akaniita, akanimiminia chai na mukono yake mwenyewe, nikajua ni mubaya. «Mwanangu, sikufukuzi. Lakini chagua. Kitoke hicho, ama urudi kwa mama yako upumzike.» Kupumuzika, kwa mudomo yake, ni kurudishwa.

Nikasema kwa roho yangu: nitarudi. Kule kuna kobayi, nitavimba, mais nitavimba kati ya batu. Na ile kinyonga yenyewe ilikuwa inakauka. Joto ya Beni ilikuwa inaimaliza, imekuwa nyeupe-nyeupe, mudomo wazi, kama mimi. Kasimu aliporudi nikamungoja inje. «Nipeleke nayo Alimbongo. Ile ni ya baridi.» Akaangalia mikono yangu. Nilikuwa nimebeba tawi na kinyonga juu, na kwa mukono ingine nguo zangu zote ndani ya kitenge. Mutu akienda kutupa munyama habebi marinda yake yote. Aliona. Akafungua mulango ya cabine, akasema tu: «Iketi upande wako.»

Hamujaona shofere namna ile. Toka Beni mpaka Alimbongo aliendesha nusu ya matako inje ya dirisha. Mimi hapa, kinyonga kwa magoti, na yeye kule amejibana kwa mulango, anaongoza na mukono moja. Tukipita shimo, tawi inaruka, na yeye anaruka. Hakuna aliyesema. Tulipoanza kupanda, ukungu ikaingia kwa cabine, na kinyonga ikafunga mudomo. Rangi ikarudi, mbele kwa mukia, halafu mugongo, mpaka ikakuwa kijani ya siku ya kwanza. Alimbongo nikaiweka kwa kichaka juu ya barabara. Nilizani itageuza hata jicho moja. Ikaenda, muguu moja, inafikiri, muguu ingine, inafikiri. Baridi ilikuwa nzuri. Mikono yangu ilikuwa nyepesi, na sikujua niiweke wapi.

Tukarudi na mizigo ya mashu, bamama ba soko juu yake, mpaka pale njia ya Kipese inaachana na barabara kubwa. Kasimu akasimamisha. «Njia yenu njo hii.» «Ninaijua,» nikasema. Na akazima moteri. Mutu wa leo hataelewa. Ile camion haikuwa na batri. Mwaka yote haikuzimwaka njiani, hata kwa soko aliiacha ikitetemeka, juu ikizima, ni kusukuma, na pale ni tambarare, matope. Kwa juu bamama bakaanza: «Eh shofere! Umezima? Umezima kweli? Nani atasukuma, ba mashu?» Yeye anaangalia mbele, mikono mbili kwa usukani. «Sitaki useme siku moja nilikuharakisha.» Nikakaa. Akasema tena, na ile mwiba ikatoka pole: «Nilitafuta yote, Kavira. Hakuna munyama ingine. Imebaki mimi.» Nikamuangalia. Nikasema: «Na wee uko na manyoya kwa kifua.» Hakucheka. Nikafungua mulango, nikashuka na kitenge yangu ya nguo, na niliona akifunga macho.

Nikaenda nyuma ya gari. Bamama balikuwa bameshuka, banatukana, bameshika mabao ya gari. Nikafunga kitenge kwa mugongo kama mutoto, nikaweka mabega. Tukasukuma. Matope kwa magoti, mmoja anaimba, mwingine anamulaani mama aliyemuzaa shofere, na mimi ninaitikia, juu ule mama ninamujua. Ikakohoa, ikakohoa, ikawaka. Bamama bakaruka juu, bamezoea. Na Kasimu akaenda. Hawezi kusimama, itazima tena. Hawezi kuona nyuma, mizigo imefunika. Alijua tu kama mulango ilifunguka na nilishuka. Alienda mbio, kama mutu hataki kuona njia ya Kipese. Nikakimbia. Nilikimbia na kiatu moja, nikimutukana kwa Kinande, mpaka mama mumoja akalala juu ya mashu, akanyoosha mukono, akanivuta kama gunia. Na nilipopata pumuzi, nikainama upande wa dirisha yake, nikatoa sauti ya mama yake, safi kabisa: «Kasimu mwanangu! Mbona unamwacha mke njiani?» Karibu atuangushe kwa mufereji.

Sasa Kasimu ameenda tena, chini ya udongo, bila kugeuka, hajui kama ninabaki ao ninafuata. Na magoti yangu haikimbie tena.